Rangi Nyeusi Juu ya Shaba

Tamarack, Indiana
Machi 4, 1957

Kwa Bi. Salome Gingerich, Elm Fork

Mheshimiwa Bibi,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Chama cha Wapenda Magari Makuukuu cha Tamarack, chenye wanachama saba ambao wawili kati yao hawasemeshani, ninayo fahari kuutangazia ulimwengu kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya mashahidi, kifuniko cha rejeta ya gari langu kilifunguka.

Kilikuwa kimegoma tangu vuli. Tulikimwagia mafuta ya taa, tukakigonga, tukakibembeleza, na mzee Cletus Varnum akakitukana kwa maneno aliyojifunza jeshini. Mwishowe kikaachia chenyewe. Ndani hamkuwa na kitu ila kiota cha panya, lakini tulikunywa kahawa kama watu waliorudi vitani.

Naitwa Wendell Ockerman. Nilikuwa kinyozi wa mji huu mpaka nilipostaafu. Sikusoma sana. Ninachokijua kuhusu magari nimekipata kwenye magazeti ambayo wateja waliyasahau kitini, ndiyo maana elimu yangu ina kurasa zilizochanika. Mwaka jana nilinunua gari la zamani kutoka shamba moja hapa jirani, ambako lilikuwa nyumba ya kuku. Gari hilo halina jina. Siku zile hata fundi baiskeli akiunganisha gari lake moja kibandani, jambo la kwanza alilofanya ni kulibandika jina lake mbele kwa herufi za shaba. Hili nimelitazama juu, chini na uvunguni. Halina kitu.

Mji mzima unasema lilitengenezwa na marehemu Judson Pell, mwenye kiwanda cha samani, na kwamba aliingia nalo Mtaa Mkuu tarehe nne Julai mwaka 1907. Julai hii miaka inatimia hamsini. Patakuwa na gwaride, na kibao cha shaba ukutani mwa mahakama, na mjukuu wake, Thurlow Pell, ndiye mwenyekiti wa kamati. Cletus anaapa kwamba alikuwepo.

"Lilinguruma," anasema, "mpaka ng'ombe wa mama akakauka maziwa."

"Cletus, wakati ule ulikuwa na umri gani?"

"Wa kutosha kukamua."

Mimi nina shaka. Pell alikuwa mtu wa meza na viti. Magurudumu haya, springi hizi, na jinsi mbao zilivyoungwa chini ya kiti, ni kazi ya mtu aliyetengeneza vigari vya farasi maisha yake yote. Na mwenye lile shamba aliniambia baba yake alikuwa akisema limetoka kwa Gingerich, fundi wa Elm Fork. Nikaiandikia posta ya kwenu, nikajibiwa kwamba Elm Fork ukirusha jiwe unampiga Gingerich, lakini wa nyumba ya yule fundi amebaki mmoja, ndiye wewe. Je, baba yako alitengeneza gari?

Na jambo moja la kuchekesha. Kuna mshenzi fulani aliyepaka rangi nyeusi kila palipo na shaba. Taa, honi, rejeta, mpaka vifuniko vya magurudumu! Nimeanza kuinyoa kwa nyembe zangu za zamani. Chini yake panang'aa kama dhahabu. Kama unamjua aliyefanya uharibifu ule nitajie, nimshitaki kwenye kikao.

Wako mtiifu,
Wendell Ockerman, Katibu


Elm Fork
Machi 9, 1957

Wendell Ockerman,

Sisi watu wa kusanyiko hatumwiti mtu Bwana wala Mheshimiwa. Jina la Bwana tuna Mmoja wa kumwita. Basi wewe utakuwa Wendell nami Salome, na usidhani ni utovu wa adabu.

Baba yangu Enos Gingerich alitengeneza vigari vya farasi, na majeneza kulipokuwa na haja. Hakuwa mtengenezaji wa magari. Alifariki mwaka 1931, amezikwa pamoja na wenzake.

Kwetu theluji imeanza kuyeyuka na tope ni la magotini. Kama kuku walilala kwenye gari, lioshe kwa maji ya magadi, harufu itatoka.

Salome Gingerich

Nimesahau: ile rangi nyeusi usiikwangue. Kama umeanza, acha.


Tamarack
Machi 13, 1957

Salome,

Nashukuru kwa magadi. Yamesaidia.

Kinyozi hujifunza jambo moja la maana kazini: mtu hasemi ukweli unapomuuliza, anausema wewe ukiwa unatafuta taulo. Nimekuuliza kuhusu gari, umenijibu kama mlango uliofungwa. Kisha, ukiwa umeshatia sahihi, umerudi kuniambia nisiguse rangi ya gari ambalo baba yako hakulitengeneza. Hapo nikaiweka barua chini nikaenda kujimiminia kahawa.

Sasa habari mbaya. Barua yako ilinikuta nimeshamaliza. Imebaki taa ya nyuma tu. Nilikuwa na hamu mno, nikanyoa asubuhi na jioni, na lazima nikiri rangi ile ilinitoa jasho. Haikuwa ya mtu mvivu. Ilikuwa laini kama sahani, haina alama ya brashi, nikashangaa mshenzi wangu alikuwa na mkono mwepesi namna ile.

Thurlow Pell alikuja kuona. Alisimama mbele ya rejeta akajitazama, akaweka tai yake sawa.

"Babu alikuwa na macho ya kupenda vizuri," akasema.

"Thurlow, mimi sidhani babu yako ndiye aliyelitengeneza."

"Kwani yuko mwingine anayesema ni lake?"

Hayupo. Lakini nataka awepo. Injini nayo ni ya ajabu: tumeifungua, na ndani ya silinda ni safi kama kikombe kipya, hata doa la masizi hakuna. Sijui mwenyewe alikuwa akitumia mafuta gani. Kifaa cha kutoa cheche ndicho hakimo, nadhani kiliibwa, nimefunga kilichotoka kwenye trekta.

Salome, niambie neno moja tu, na nitahakikisha kibao kinasema ENOS GINGERICH kwa herufi ambazo mtu atazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Mtu aliyefanya kazi kama ile anastahili jina lake lisimame.

Wendell


Elm Fork
Machi 25, 1957

Wendell,

Nimeikalia barua yako. Sikutaka kuijibu, lakini kama nisipojibu utafanya wema, nao wema huo ndio ninaouogopa.

Baba alilitengeneza. Nisingizie nini? Hakuwa na mgonjwa wa kupeleka kwa daktari, wala soko la mbali. Alilipenda tu. Aliona moja mjini Fort Wayne, akarudi nyumbani hali, hasemi, na mama akadhani anaumwa. Kisha akaanza kuunda. Injini aliiagiza kwa treni, taa za shaba vilevile, na yote mengine aliyafanya kwa mikono yake, mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nilimshikia mbao.

Wazee wa kusanyiko wakasikia. Askofu wetu alikuwa baba mkubwa Levi, kaka yake wa tumbo moja. Walikuja wakaingia karakanani, wakazikuta zile taa. Nakumbuka baba mkubwa hakutazama magurudumu wala injini. Alitazama shaba, akajiona humo na ndevu zake, akageuza uso.

Akasema, "Enos, hiki kinamwita mtu ajitazame."

Baba akatengwa. Hujui kwetu kutengwa maana yake nini, kwa hiyo nitakwambia. Huruhusiwi kula meza moja na aliyetengwa, hata akiwa mumeo, hata akiwa baba yako. Akajiundia meza ndogo akaiweka dirishani. Majira yote ya baridi alikula pale, ametupa mgongo, na mama akimpelekea sahani bila kumpa mkononi. Anaiweka, anaondoka, naye anaichukua. Meza ile ilikuwa nzuri kama kila alichounda. Sijawahi kuichukia samani kama ile.

Majira ya kuchipua yalipokuja akasimama mbele ya kusanyiko akaungama, wakampa masharti. Gari liuzwe kwa watu wa nje. Asiweke jina lake juu yake wala asidai kamwe kwamba ni lake. Na kabla halijatoka langoni, kila kinachong'aa kipakwe rangi nyeusi, ili asipatikane mtu wa kusema ndugu wa Elm Fork wameleta mng'ao duniani.

Mwingine angechovya brashi akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Baba hakuweza kufanya kazi mbaya. Alipaka, akasugua, akapaka tena, akasugua, kama anayeliandaa gari kwa harusi. Nadhani alikuwa akiagana nalo. Ile rangi uliyoinyoa, Wendell, ndiyo kazi bora aliyoifanya maishani, na ndiyo iliyomrudisha mezani kwetu.

Judson Pell alikuja kulichukua na farasi wawili. Hakuuliza jina la fundi, na baba hakumtajia.

Kabla ya kufa aliniomba nilinde neno lake, nikamwahidi. Nimebaki mimi. Siku jina lake litakapokuwa kwenye ukuta wa mahakama, watasema Enos alijificha, toba yake ilikuwa ya mdomoni. Amelala kaburini kama mtu aliyerudi kundini. Usimtoe.

Salome


Tamarack
Aprili 20, 1957

Salome,

Samahani kwa kimya. Kila nilipokaa kuandika niliiona taa moja ya mbele inanitazama, inang'aa kama mjinga.

Nimewahi kumkata mteja sikio. Nimewahi kumnyoa mchungaji nusu nikaitwa kwenye moto, nikamwacha hivyo mpaka mchana. Lakini sijawahi kunyoa toba ya mtu. Nisamehe.

Jina sitalitaja. Sikumwambia Cletus, na ukitaka kujua uzito wa hilo, jua kwamba Cletus huja kwangu kila asubuhi, hana kazi, na ananusa siri kama mbwa anavyonusa soseji.

Ila kuna upande wa pili nao huniacha nikigeuka kitandani. Kamati ilikutana. Nikasimama nikasema fundi wa gari hili hajulikani.

Thurlow akasema, "Tunamjua. Ni babu."

"Una ushahidi gani?"

"Mji mzima unakumbuka."

"Mji mzima unakumbuka pia kwamba mimi niliwahi kuwa na nywele. Huo si ushahidi."

Wakacheka, halafu wakampigia Thurlow kura. Si mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Alilelewa na babu yake na anampenda, naye anaamini anachokisema. Lakini kibao kitasema JUDSON PELL, MTENGENEZAJI, na kitapelekwa kwa msubuaji wa shaba mwezi wa sita. Ninaweza kukizuia kwa neno moja, na neno lenyewe umeniomba nisiliseme. Nikisema, nakuvunjia ahadi. Nikinyamaza, naupigilia uongo ukutani. Niambie la kufanya, maana ukweli huu ni wa nyumba yako.

Wendell


Elm Fork
Aprili 24, 1957

Wendell,

Mwache Pell alichukue. Baba angecheka. Alikuwa akisema tajiri huyo hakujua gari hata lina mbele upande gani.

Nimepanda viazi. Usigeuke kitandani bure.

Salome


Elm Fork
Aprili 29, 1957

Wendell,

Sikusema kweli. Baba asingecheka.

Tangu nikuandikie nimeunguza mikate yote ya Ijumaa, jambo ambalo halijatokea tangu enzi za Rais Hoover. Nimesimama mbele ya jiko namsikia Pell kichwani. Kunyamaza ni kitu kimoja. Baba alinyamaza kwa hiari yake, alikitoa kama sadaka. Lakini hakumpa Pell. Hakuna aliyesema kazi yake apewe mtu mwingine ajivunie. Huko si kujinyenyekeza, Wendell, huo ni wizi, na mimi ndiye niliyeshika mlango.

Sitaki atajwe. Sitaki Pell atajwe. Nataka mahali pa jina pabaki peupe kama baba alivyopaacha. Najua nakuomba kitu kisichowezekana. Mimi ni mwanamke mzee mwenye mikate iliyoungua, nivumilie.

Salome


Tamarack
Mei 5, 1957

Salome,

Nimefikiria. Kitu cha pili, yaani kibao, sikijui bado, cha kwanza nakijua. Lazima nirudishe nilichonyoa. Nimenunua kopo la rangi nyeusi dukani nikajaribu kwenye honi. Cletus akaja akatazama.

"Umeipika hiyo?" akauliza.

"Nimepaka rangi."

"Aa. Nilidhani ni chombo cha lami."

Nimeikwangua tena. Ukikumbuka baba yako alifanyaje, niandikie. Taa ya nyuma bado ina rangi yake, naiangalia kama mwanafunzi anavyoangalia daftari la mwenzake.

Wendell


Elm Fork
Mei 9, 1957

Wendell,

Masizi ya taa, yachekechwe. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Tone la tapentaini, na shelaki kidogo, ile gundi itokayo kwa wadudu. Tabaka jembamba, lisubiriwe likauke kabisa, lisuguliwe kwa unga wa jiwe na kitambaa cha sufu chenye maji, ndipo tabaka lingine. Usipake siku ya upepo.

Nimeisoma hii nikaona huwezi. Usione vibaya, hata mimi siwezi kunyoa. Nilimshikia baba brashi tangu tabaka la kwanza mpaka la mwisho, na mkono wangu bado haujaanza kutetemeka. Ira, mtoto wa binamu yangu, atanileta.

Ira ana gari. Ndiyo. Siku hizi tunaruhusiwa, mradi kila kinachong'aa kipakwe rangi nyeusi, bampa na vyote. Wazee walipitisha sheria hiyo mwaka 1928. Hawakusema waliitoa wapi. Baba alikuwepo siku ile, akakaa kwenye benchi lake akitazama magoti. Tulipofika nyumbani alienda karakanani akafunga mlango, na mama akasema tumwache.

Waambie jirani zako mimi ni fundi rangi uliyemkodi. Hutakuwa umedanganya ukinipa chakula cha mchana.

Salome


Tamarack
Juni 8, 1957

Salome,

Miwani yako ipo. Uliisahau kwenye kiti cha gari, upande wa dereva, nami nimeifunga kwenye pamba na kuituma pamoja na barua hii. Sitauliza ulikuwa ukifanya nini upande wa dereva. Nilikuwa jikoni wakati ule na sikuona kitu.

Nyumba imekuwa kimya tangu muondoke. Ira ni kijana mwema, amekula pai zote mbili. Nami nimezoea vibaya: naamka natafuta mtu wa kuniambia nisisogee karibu, eti navuta vumbi. Sijawahi kuona mtu akipaka rangi bila kusema neno kutwa nzima kisha mwishoni akatamka, "Hapo," kama anamsemesha mtu aliye upande wa pili wa gari. Nilitoka nje kidogo pale. Nilikuwa na jambo uani.

Sasa sikiliza, maana lile la pili limejitatua lenyewe, na mimi sikuinua kidole.

Thurlow alikuja juzi na mpiga picha wa gazeti. Nikavuta turubai. Mpiga picha akarudisha kamera begani. Thurlow alizunguka gari mara moja, polepole. Akatafuta mahali pa kujitazama, akakosa.

"Wendell," akasema, "umelivalisha nini gari la babu?"

"Nimelirudishia rangi yake. Ndivyo lilivyokuwa. Taa ya nyuma ni ushahidi, haikuguswa."

"Linataka maiti tu ndani ndipo likamilike."

"Ndivyo lilivyotoka mkononi mwa fundi, Thurlow. Wewe ndiwe unayesema fundi alikuwa babu yako. Kwa nini alipaka shaba nyeusi?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kweli, maskini, akimtafuta babu yake mle ndani ya weusi ule. Judson Pell alikuwa mtu wa saa ya dhahabu na viatu vinavyong'aa. Kiwanda chake hakikutoa hata mguu wa kiti bila vanishi.

"Babu asingefanya hivi," akasema mwishowe. "Hata kwa kulipwa. Huyu alikuwa mtu mwingine."

"Nani?"

"Nitajuaje? Mtu wa ajabu." Kisha akaugusa mlango kwa kidole kimoja, akaupitisha kidole mpaka mwisho. "Ila alikuwa na mkono," akasema.

Amewaandikia kamati kwa barua yake mwenyewe, jina la Pell liondolewe. Kibao kitasema: GARI HILI LILIINGIA TAMARACK JULAI 4, 1907. MTENGENEZAJI HAJULIKANI. Pamebaki peupe, Salome. Rangi ya baba yako ndiyo iliyopalinda, si mimi. Mimi nilikuwa nimesimama tu na turubai.

Karibu Julai. Nitakuwekea kiti kivulini.

Wendell


Elm Fork
Juni 12, 1957

Wendell,

Miwani imefika salama. Nilikuwa nakagua rangi ya usukani.

Barua yako nimeisoma, nikatoka nikapalilia safu nzima ya maharage bila kuona nilichokuwa nakipalilia. Mengine itanibidi niyapande upya. Mwambie Thurlow Pell, kama utapata njia ya kumwambia bila kumwambia, kwamba alisema vizuri.

Gwaride si mahali petu, sitakuja. Niandikie ilivyokuwa, usifupishe. Uliniuliza ulipokuwa ukinipa kahawa kama baba aliwahi kujuta. Sikukujibu kwa sababu Ira alikuwepo. Ile meza ndogo hakuichoma wala hakuiuza. Aliiweka karakanani, akawa anakatia ngozi juu yake mpaka mwisho wa siku zake. Jibu lolote utakalolipata humo ndilo nililolipata mimi.

Salome


Tamarack
Julai 6, 1957

Salome,

Naandika kwa mkono wa kushoto, utanisamehe mwandiko. Sababu itafika.

Siku ilikuwa nzuri, jua la kutosha na upepo wa kupeperusha bendera. Watu walijaa toka mahakamani mpaka kwenye maghala ya nafaka. Meya alihutubia mpaka mahindi ya kuchemsha yakapoa. Thurlow ndiye aliyefunua kibao, na alisoma neno HAJULIKANI kwa sauti kubwa iliyotulia, akaongeza kitu ambacho hakikuandikwa: "Na yeyote aliyekuwa, tunamshukuru." Watu wakapiga makofi. Nilimpigia makofi na mimi, nikaona haya kwa yote niliyokuwa nimemwazia.

Gari lilisimama mbele kabisa, nyuma yake bendi ya shule, nyuma ya bendi wazima moto. Katikati ya tarumbeta na vyuma vyote vile vinavyomeremeta, lilikuwa kitu pekee ambacho hakikumwomba mtu akitazame, na kila mtu alilitazama. Mama mmoja aliniuliza nani alilipaka. Nikasema fundi niliyemkodi kwa chakula cha mchana.

Kisha meya akainua mkono, bendi ikavuta pumzi, na mimi nikaenda mbele nikashika hendeli ya kuwashia.

Nikazungusha. Nikazungusha tena. Fundi wa trekta alikuja, akasema cheche ipo, petroli ipo, kilichokosekana ni nia. Akazungusha yeye. Nikazungusha mimi, na hapo hendeli ikarudi nyuma ikanitegua bega la kulia, ndiyo sababu ya mwandiko huu. Bendi ilikuwa imeshapiga wimbo mzima ikiwa imesimama mahali pamoja, wazima moto wameanza kula. Mwishowe tukalisukuma, wanachama saba wote, na wale wawili wasiosemeshana walijikuta bega kwa bega kwenye bodi la nyuma. Mmoja akasema, "Sukuma basi." Ni mwanzo.

Cletus hatukumweza. Alipanda kitini, akashika usukani, na njia nzima ya Mtaa Mkuu akawa ananguruma kwa mdomo. Tulipofika maghalani alishuka akiwa amepauka, akaniambia, "Hivyo hivyo! Hivyo hasa ndivyo lilivyonguruma mwaka 1907!"

Watu walifurahi, usidhani vinginevyo. Lakini mimi nimelala hapa na bega langu nikifikiri kwamba nimemwangusha baba yako. Rangi tumeirudisha, jina tumelilinda, na sauti yake sikuweza kuirudisha. Wewe ulikuwepo karakanani. Bila shaka alikuwa na hila fulani ya kuliwasha, kila fundi wa zamani alikuwa na yake. Niambie, nami nitajaribu tena bega likipona.

Rafiki yako,
Wendell


Elm Fork
Julai 10, 1957

Wendell,

Bega likande kwa siki ya moto na kitambaa cha sufu, na usinyanyue kitu.

Barua yako nimemsomea Ira. Alicheka mpaka akatoka nje, nami nilicheka, ingawa mimi niliishia mahali pengine. Niliposoma alichokisema Thurlow Pell nilirudi nikakisoma mara ya pili, kwa sauti, nikiwa nimeelekea dirishani.

Hukumwangusha mtu. Usimlaumu fundi wa trekta, wala petroli, wala kuku. Ningekwambia mapema, lakini hukuuliza, na nilikuona una furaha. Wazee walipoingia karakanani baba alikuwa bado anakisubiri kifaa cha cheche kutoka Chicago. Kilifika yeye akiwa ameshakaa kwenye meza ndogo, akakirudisha bila kulifungua sanduku.

Gari lile halijawahi kuwaka.

Salome